Jengo la Ng'ambo ya Mto

Viatu vya Mama Mita vilikuwa na tope.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kusimulia, maana viatu kazi yake ndiyo hiyo. Lakini Mama Mita hakuwa amekanyaga ardhi tangu kiharusi kilipomlemaza upande mzima wa kulia. Viatu vyenyewe, vyeusi, vya kufunga kwa kamba, vile alivyokuwa akivaa kazini, vilikaa uvunguni mwa kitanda chake kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvigawa. Binti yake alikuwa anafagia, ufagio ukavigonga, vikajitokeza na tope bichi kwenye soli na unyasi mmoja umenasa kwenye kamba. Nje mvua haikuwa imenyesha muda mrefu, hata vumbi la mtaani lilikuwa limechoka kuruka.

"Mama, nani kavaa viatu vyako?"

"Mimi," alijibu Mama Mita, akacheka.

Binti naye akacheka, kwa kuwa mama yake alikuwa mtu wa mizaha na mizaha mingine ilikuwa ya kutisha kuliko huu. Akavipangusa, akavirudisha mahali pake. Hilo lilikuwa kosa lake la pili. La kwanza alikuwa ameshalifanya kitambo, nyundo mkononi, kwa nia njema kabisa, na makosa ya nia njema ndiyo yanayouma zaidi.

Huyu binti alikuwa fundi wa fremu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: mbao zimeegemezwa ukutani, vioo vimesimamishwa kwa ubavu, harufu ya gundi, na picha za harusi za watu ambao wengine walikuwa wameshaachana kabla hata ya kuja kuzichukua. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yake. Katikati yao palikuwa na pazia tu. Mtaani walimwita Fundi, na mama yake walimwita Mama Mita, kwa sababu katika uzima wake mama huyo alizunguka mji mzima kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akisoma mita za maji. Mbwa waliokuwa wakimfukuza mtu wa posta walikuwa wakimwona yeye wanaingia uvunguni.

Sasa alikaa kwenye kiti kutwa. Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuukuna.

"Mimi nimekuwa mlinzi wa ukuta," alilalamika. "Nao ukuta wenyewe haujaribu hata kutoroka."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Ndipo, kitambo kabla ya lile tope, alipokumbuka picha moja iliyosahaulika karakanani.

Ilikuwa imeletwa na mteja mmoja, imeviringishwa kama mkeka, akasema anairudia, asirudi. Kawaida ya karakana ile ni kwamba picha ikisahaulika mpaka ikaota utando wa buibui, ni mali ya fundi. Akaifungua juu ya meza. Ilikuwa picha ya rangi za mafuta kwenye kitambaa, ya jioni isiyo na furaha. Chini kabisa ulipita mto mpana, wa kijivu, umetulia. Ng'ambo ya mto palikuwa na nyasi na ng'ombe walioinamisha vichwa, na nyuma ya ng'ombe jengo refu la mawe lenye madirisha mengi, yote meusi isipokuwa moja lililokuwa na mwanga wa taa. Aliyeichora alikuwa hodari, lakini siku hiyo alikuwa na majonzi yake.

Fundi hakujali majonzi. Aliona nyasi, aliona nafasi, aliona mahali ambapo macho ya mama yake yangeweza kwenda matembezi. Na fremu alikuwa nayo, ya mbao ngumu iliyosuguliwa ikang'aa, iliyokataliwa na mteja mwingine. Tatizo ni kwamba picha ilikuwa ndefu kuliko fremu kwa kiasi cha mkono mzima, kiganja hadi kiwiko.

Kukata picha ya mtu Fundi hakuwahi, hata ya kusahaulika. Lakini kuikunja si kuikata. Akikunja juu, jengo linapoteza paa. Akikunja chini, kinachopotea ni mto.

"Maji tu," alijisemea. "Nani atayalilia?"

Akaiwamba picha kwenye kiunzi cha mbao, akaukunja mto wote nyuma yake, akaugongomelea misumari midogo, akaingiza picha kwenye fremu. Ilikaa utadhani ilizaliwa humo. Nyasi sasa zilianza pale pale mbao ilipoishia.

Mama Mita alipotundikiwa aliikagua pembe hadi pembe.

"Lile ni jengo la nini?"

"Ghala, labda."

"Ghala gani lina madirisha yote hayo? Pale wanakaa watu. Na mita yao wameificha wapi?" Halafu akaushika mkono wa binti yake kwa mkono wake mzima, ule wa kushoto, akaubana. "Ahsante, mwanangu. Umenitoa jela."

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalokera. Mama Mita alinenepa mashavu. Aliimba. Mchana, fundi cherehani wa jirani aliposimamisha mashine yake na mtaa mzima ukasinzia kwa joto, Fundi akiwa mbele anakata kioo alisikia kutoka nyuma ya pazia mama yake akizungumza polepole, kama mtu anayepokea wageni. Alidhani ni redio. Akasikia pia sauti ya komeo likivutwa, komeo zito la chuma, ilhali nyumba yao haikuwa na komeo la namna hiyo. Na harufu ikaanza kupenya, ya nyasi zilizolowa na kuoza, ya ng'ombe, ya taa ya mafuta iliyozimwa sasa hivi. Fundi akadhani ni panya, akanyunyiza dawa ya kuwaua.

Kisha kikombe kikaanguka.

Mama Mita alikuwa ameshika chai kwa mkono wake wa kushoto, mkono mzima, mkono uliomfulia na kumlisha tangu ule wa kulia ulale. Kikombe kilimponyoka kikavunjika, na yeye hakushtuka. Aliutazama mkono wake bila mshangao. Fundi aliushika akaukuta wa baridi hadi kwenye mfupa, na vidole viwili vya mwisho havikujikunja.

"Tangu lini, mama?"

"Aa, joto limenichosha."

"Joto gani linaleta baridi?" Fundi aligeuka amwite mtu, yeyote, na macho yake yakapita kwenye picha. Ng'ombe walikuwa wameacha kula. Wote walikuwa wameinua vichwa, wameelekeza nyuso zao chumbani. Mlango wa jengo, ambao haukuwa na chochote cha kukumbukwa, sasa ulikuwa wazi, na mlangoni alisimama mtu mrefu kuliko mlango wenyewe, shingo ameilaza begani ili aenee.

Fundi hakupiga kelele. Aliinama, akachungulia uvunguni, akaona viatu, na safari hii tope lilikuwa limefika hadi kwenye matundu ya kamba.

"Mama," alinong'ona. "Nieleze."

"Usiongee kwa nguvu," Mama Mita naye alinong'ona. "Anasikia."

"Nani?"

"Mwenye lile jengo. Anakuja mchana ukiwa unakata vioo. Hana neno baya. Ananipa mkono, naondoka kwenye kiti, natembea." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na yanang'aa. "Natembea, mwanangu! Nyasi zile nimezikanyaga. Nimefika mpaka kwa ng'ombe. Wewe hujui kitu hicho. Wewe unaamka unatembea kwenda chooni huoni kama ni jambo."

"Na mkono wako?"

Mama Mita aliuvutia mkono ule kifuani.

"Anachukua kidogo kila nikitoka," alisema. "Alinambia mapema, hakunidanganya. Nikifika ndani ya nyumba hatachukua tena, kwa sababu sitahitaji kurudi."

Basi Fundi akapandwa na hasira, hasira ya kweli. Alikuwa amemnyanyua mama huyu kutoka sakafuni, amemwogesha, amejifunza kumsuka nywele, na sasa kiumbe kisicho na hata jina kinakuja mchana kweupe kumchukua vipande vipande kwa mkataba wa maneno matamu, humu humu ndani ya nyumba yake, kupitia fremu aliyoisugua yeye. Akavuta stuli aishushe picha.

"Usiitoe!" Mama Mita alilia. "Ukiitoa leo, nitakufa kwenye kiti hiki!"

Fundi akaacha. Akatoka nje akikimbia, akamwendea mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, aliyefika na mfuko wa plastiki na uso wa mtu aliyekatizwa usingizi wa mchana. Alimtazama Mama Mita, akamnusa mkono, kisha akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu. Aliporudi nyuma alirudi taratibu, bila kugeuka.

"Jini likiwa ndani ya mtu nalitoa," alisema kwa sauti ya chini. "Hili haliko ndani ya mtu. Lina kwake. Linakuja na kurudi. Watu wengi likiwafika hili huhama, wakaliachia chumba."

"Kuhama?" Fundi alisema. "Nyumba hii niliipaka chokaa kwa mikono yangu. Nihame mimi, abaki yeye? Ahame yeye na ng'ombe wake!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Kama anasikia, asikie."

Mganga alimtazama juu ya miwani, na ungesema alifurahi kidogo. "Haya. Ninalolijua nakwambia, nisilolijua nanyamaza. Majini wa aina hii hufungwa kwa maji. Unawawekea maji mbele, hawavuki. Hata aliyechora hii, mkono wake ni wa mtu anayejua anachokichora. Ninachoshangaa ni kwamba hakuweka maji."

Fundi aliigeukia picha. Akayaona maji yale ya kijivu, mapana, yamelala nyuma ya mbao, yamekunjwa, yamepigiliwa misumari, na akaisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza nani atayalilia.

"Aliweka," alisema. "Ni mimi niliyeyakunja."

Hakungoja jibu. Aliishusha picha ikiwa na fremu yake, akailaza kwenye kitanda, akachukua koleo, akaivua fremu, akaanza kung'oa misumari ya nyuma mmoja mmoja. Ulikuwa umebaki mmoja tu mganga alipomshika bega.

"Simama. Mtazame mama yako."

Mama Mita alikuwa kwenye kiti, kichwa kimeanguka upande, macho wazi, hayaoni. Alikuwa anahema, lakini mbali mbali, na viatu havikuwa uvunguni. Fundi akaigeuza picha. Kwenye nyasi, mgongo kwao, mwanamke mdogo kuliko kidole alikuwa anakwenda kwenye lile jengo, mwendo wa kurusha mikono yote miwili, ule mwendo ambao mji mzima uliujua kwa mbali, na mlangoni yule mrefu alikuwa amejisogeza pembeni kumpisha.

"Ukiufungua mto sasa," mganga alinong'ona, "atabaki ng'ambo pamoja naye. Lazima arudi kwanza. Na hakuna anayeweza kumrudisha. Miguu ni yake."

Fundi aliishika picha kwa mikono miwili, akaileta karibu na uso wake mpaka harufu ya nyasi zilizooza ikamjaa kooni.

"Mama!"

Mwanamke mdogo hakugeuka.

"Mama, sitakubembeleza. Najua unatembea. Najua ukirudi unarudi kwenye kiti, na mimi sina cha kukupa badala yake, sina kabisa. Lakini mwili wako huu uko hapa unahema, na mimi siziki mtu anayehema. Nitauosha. Nitausuka nywele. Nitauweka hapa kila asubuhi nao hautanitukana hata siku moja, hautanambia chai yangu ni maji ya kuoshea vyombo, na mimi nitaihitaji hiyo sauti mpaka nizeeke. Ninakutaka wewe, mkorofi wangu. Huyo anakutaka kwa nini? Muulize! Muulize mbona dirisha ni moja tu lenye taa, na waliotangulia wote wako wapi?"

Mwanamke mdogo akasimama.

Alisimama mbele ya mlango kabisa, akainua kichwa, akayatazama madirisha meusi, moja baada ya jingine, mstari mzima, kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia watu waliodai hawajui mita iko wapi. Yule mrefu akamnyooshea mkono. Mama Mita akauangalia mkono. Halafu akageuka, akampa mgongo, akaanza kurudi.

"Kimbia, mama!"

Hakukimbia. Alikuja akitembea, kisigino kwanza kisha vidole, akipita katikati ya ng'ombe waliokuwa wakimfuata kwa vichwa, akipasua nyasi kwa mapaja yake, na kila alivyokaribia alizidi kukua, kidole, kiganja, mkono, na nyuma yake yule mrefu alikuwa ametoka mlangoni na anaendelea kutoka, kwa kuwa mwili wake haukwisha, uliteleza juu ya nyasi bila kuzilaza, shingo bado imelala begani ingawa hapakuwa tena na mlango wa kumbana, na mdomo wake ulikuwa ukisema maneno kwa sauti ya Mama Mita mwenyewe, usiniache, mwanangu, usiniache kwenye kiti, na Fundi analia, na koleo limeuma msumari wa mwisho, na mganga anasema bado, bado, bado, na mama yake anatembea tu, mikono inarushwa, kidevu juu, kama mtu aliye katika mtaa wake mwenyewe na ana haki zote za kuupita.

Kwenye kiti Mama Mita alivuta pumzi kama aliyeibuka kutoka majini.

Papo hapo vidole vikajitokeza kwenye ukingo wa picha. Vilikuwa virefu, vya rangi ya kijivu, vyenye viungo vingi mno, navyo vilishika mbao na kuanza kuvuta kilichobaki nyuma yake.

"Sasa!" mganga alipiga ukelele.

Fundi aling'oa msumari. Kitambaa kikafyatuka, mkunjo ukafunguka, na mto ukateremka wote, mpana, wa kijivu, ukaziba nafasi kati ya nyasi na chumba. Kikasikika kilio kimoja ambacho hakikuwa cha mtu wala cha ng'ombe. Sakafuni kukadondoka maji, maji ya kweli, yakalowesha shuka na miguu ya Fundi, na juu ya mbao hapakuwa na kidole chochote, ila mikwaruzo.

Cherehani ya jirani ikaanza tena.

"Sasa tuichome," Fundi alisema.

"Ukiichoma unachoma na mto," mganga alijibu, akipangusa miwani. "Mtengenezee fremu inayomtosha, na usimfupishie maji tena. Mimi naenda kulala."

Fundi alitumia mbao zake bora kuliko zote. Alitaka kuificha picha karakanani, imegeuzwa ukutani, nyuma ya vioo. Mama Mita akakataa katakata. Vidole vyake viwili havikupona, na ilimbidi ajifunze upya kushika kikombe, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Mtundike pale pale," aliagiza. "Usoni kwangu."

"Mama, bado yumo."

"Najua yumo. Sina macho?"

Kweli alikuwemo, na yumo hadi leo. Haingii tena ndani ya lile jengo. Amesimama ukingoni mwa mto, vidole vya miguu vinakaribia kugusa maji, shingo imelala, anatazama chumbani.

"Nataka anione kila siku," Mama Mita alisema. "Anione nimekaa kwenye kiti hiki hiki, miguu haiendi kokote, na bado siendi kwake. Leta chai."

Fundi akaleta chai, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kuna kitu kilikuwa kikimkera tangu siku ile na alikuwa akiogopa kukiuliza.

"Nilikuita ukimbie," alisema. "Alikuwa nyuma yako kabisa, mama. Mbona hukukimbia?"

Mama Mita alimeza kwanza. Akamtazama yule wa ng'ambo, kisha akamgeukia binti yake.

"Ilikuwa mara yangu ya mwisho kutembea," alisema. "Ulitaka niiharakishe?"